Wasichana walioacha shule baada ya kujifungua: nawapataje kwa utafiti wa masta?

Mwalimu wa Nyando
Habari za jioni, wadau. Nasoma masta ya elimu hapa Kisumu, na mchana nafundisha Kiswahili na Dini katika shule ya kutwa kule Nyando. Mada yangu ni msaada wanaopata wasichana wanaorudi shuleni baada ya kujifungua. Sera ya kuwapokea tena ipo tangu 1994, na 2020 wizara ikatoa mwongozo mwingine. Kwa maandishi, mlango uko wazi.

Kinachonisumbua ni sampuli. Msimamizi wangu anataka nihesabu wasichana walio kwenye rejista, nifungue jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, linaloonyesha uchague wangapi kutoka idadi uliyo nayo, kisha nigawe hojaji. Wakiwa 500 jedwali linakupa 217, na sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, imekwisha. Sasa rejista inamwonyesha nani? Aliye darasani tu. Kwenye rejista moja ya kidato cha tatu kuna jina ambalo alama za mahudhurio zinakatika katikati ya muhula wa pili, likapigwa mstari mwekundu, na pembeni pameandikwa "amehama". Hajahama popote. Huwa namwona soko la Ahero akipima mchele kwa gorogoro, mtoto mgongoni. Huyo ndiye anayejua msaada ulikatikia wapi. Hawa walio darasani watanijazia kwamba msaada upo, na watakuwa wanasema kweli, maana wao ndio walioupata.

Nimfikieje aliyeondoka bila kumwanika? Na kamati ya maadili niiambie nini kuhusu walio chini ya miaka 18?

Zamu ya Butere
Pole na kazi, mwalimu. Hiyo "amehama" hata huku tunaiandika. Aliyeacha shule analeta maswali kutoka ofisi ya elimu, aliyehama haleti. Fanya hivi: chukua rejista uilinganishe na faili la barua za uhamisho. Mtoto aliyehama kweli ameacha barua. Jina lisilo na barua lifuate hadi kwa bursa, uangalie daftari la karo. Mara nyingi utakuta salio lilianza kupanda hata kabla ya mimba kuonekana. Hapo umepata data ambayo hojaji haikupi, na hujamgonga mtu mlango.

Jirani wa Manyatta
Nilimaliza masta yangu juzi juzi, kwa hiyo machungu ya vibali bado ninayo mdomoni. Anza na kamati ya maadili, ndipo uombe leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha ujitambulishe kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu kabla ya kukanyaga shule yoyote.

Jedwali libaki kwa walio darasani, umtulize msimamizi. Walioondoka wahoji wachache kwa kina, mmoja akuelekeze kwa mwenzake. Ila usipitie kwa chifu! Tangu Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, mimba ya mtoto ni kesi. Ukifika na mtu wa serikali, familia itadhani unamtafuta baba ya mtoto, na msichana atapelekwa kwa shangazi siku hiyo hiyo. Mhudumu wa afya ya jamii anaingia boma hilo kila mara kuangalia mtoto, hakuna anayeshtuka. Yeye aulize kwanza kama msichana yuko tayari kuongea, na asikupe jina mpaka akubali.

Kuhusu umri, kwa walio chini ya 18 kamati itataka idhini ya mzazi pamoja na ridhaa ya msichana mwenyewe. Mimi ningechukua tu waliokwisha kufika 18.

Mama Taji, Njoro
Mimi si mtafiti, nilikuwa mmoja wao. Nilirudi, nikamaliza. Hojaji zenu huuliza kama mwalimu mshauri aliongea nami. Aliongea, na vizuri. Lakini kipindi cha pili maziwa yamelowesha sare, nimejifunika sweta na jua limewaka, nawaza kama huyo mtoto kule nyumbani amelishwa chochote. Karo ililipwa na basari ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Mlezi wa mtoto hana basari. Mama yangu alikuwa na kibarua chake shambani, akishika mtoto hakuna unga jioni. Usimwulize msichana kwa nini aliacha, atakujibu "karo" umwache aende zake. Mwulize asubuhi ya siku ya shule ilikwendaje, na mtoto alibaki na nani.

Mwalimu wa Nyando
Ahsanteni sana. Kesho namwomba karani lile faili la barua. Jirani, la 18 sijakubaliana nawe. Wa 19 atanisimulia shule ya miaka mitatu iliyopita, na mimi nataka kujua ya sasa. Nitaiandikia kamati makundi yote mawili, wakikataa la wadogo nijue nimejaribu. Mama Taji, hilo la nani anabaki na mtoto naliingiza kwenye mahojiano. Je, niliweke na kwenye hojaji ya walio darasani?

Mama Taji, Njoro
Weka, mwalimu. Na uache nafasi waandike huyo mlezi analipwa ngapi kwa siku.