Bima ya moto kwa fremu ya vitenge: nikate au niongeze mzigo?

MamaVitenge: Wakuu, shikamooni wakubwa. Nina fremu Kariakoo, mzigo wa kama milioni 9. Tangu soko kuu liungue Julai 2021 roho haitulii, na jirani yangu fundi cherehani anaacha pasi ya mkaa karibu na mbao tunazopakana. Nikate bima, au hela hiyo ninunulie robota jingine?

FundiDaftari: Kata, dada. Ila usishushe thamani ili ulipie kidogo. Mimi niliandikisha milioni 5, kumbe stoo ina mali ya 10. Maji yakaharibu ya milioni 4, nikalipwa 2! Nilichukia, lakini mkataba ndivyo ulivyosema: umekatia nusu, unalipwa nusu.

MamaVitenge: Mh! Na risiti za kuthibitisha mali wakati wa kudai?

BabuStoo: Hapo ndipo wengi tunakwama. Risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, zinafifia, baada ya miezi unabaki na karatasi nyeupe. Zipige picha siku hiyohiyo, zikae kwenye barua pepe, si kwenye simu tu. Hesabu mzigo kila mwezi. Ukilipia, hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

MamaVitenge: Asante babu. Za mwezi wa tatu nimezitoa sasa hivi, hata jumla haisomeki.

FundiDaftari: Na hiyo pasi je?