Naomba ushauri: mchezo wa mtandaoni wa kueleza dawa inavyotengenezwa

Habari zenu wakuu. Natengeneza mchezo mdogo wa kuchezwa kwenye mitandao ya kijamii, unaoonyesha safari ya dawa kutoka maabara hadi kwa mgonjwa. Mchezaji anachuja kemikali nyingi, anajaribu kwa wanyama, kisha anaingia awamu tatu za majaribio kwa binadamu: makumi ya watu, halafu mamia, halafu maelfu.

Nilipokwama ni hapa. Kati ya dawa 10 zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, takribani 1 tu ndiyo huidhinishwa, na safari nzima mara nyingi huchukua miaka 10 hadi 15. Nikiuweka ukweli huo kama ulivyo, mchezaji atashindwa mara kwa mara mpaka auache. Nikimrahisishia, ataondoka akiamini watafiti wanachelewesha dawa makusudi, na dhana hiyo ndiyo hasa nataka kuiondoa. Nimewaza kumpa alama hata dawa ikifeli: ikionekana inadhuru ini kwenye awamu ya kwanza, akisimamisha jaribio mapema anazawadiwa kwa kuwakinga washiriki. Mnaonaje?

Naamini inawezekana. Wachezaji wa Foldit, mchezo wa kukunja protini ulioanza 2008, walisaidia kubaini umbo la kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) cha aina moja ya virusi mwaka 2011.

Jingine, niweke ubao wa kushindana na marafiki? Naogopa watu watakimbilia alama na kuruka hatua ya ridhaa ya mshiriki, ambayo kwangu ndiyo uti wa mgongo wa mchezo. Waliowahi kufundisha kwa michezo, naombeni uzoefu wenu.