Mzee haoni kulia, miwani haijasaidia

Mvuvi wa Kibirizi: Habari za jioni ndugu zangu. Mzee wangu ana miaka 63, tupo Kibirizi, Kigoma. Tangu jana asubuhi anagonga mlango kwa bega la kulia, na jina la mtumbwi wetu analisoma nusu tu. Anasema jicho la kulia limekufa. Kanunuliwa miwani, wapi. Jicho lenyewe halijawa jekundu, haliumi. Ni mtoto wa jicho?

Muuguzi wa macho: Pole mdogo wangu. Mtoto wa jicho haji kwa siku moja. Mpime sasa hivi. Kaeni uso kwa uso, kama mita moja. Afunike jicho la kushoto, wewe funika lako la kulia, akutazame jichoni asihame. Nyoosha vidole katikati yenu, pembeni, ahesabu: juu, chini, kulia, kushoto. Kisha mbadilishe jicho. Usimpime macho yote mawili kwa pamoja, utadanganyika.

Mvuvi wa Kibirizi: Dada, nimefanya mara mbili. Jicho la kulia halioni vidole vya kuliani kwake. La kushoto nalo hivyo hivyo! Kushoto anahesabu vizuri, nikivuka tu katikati ya uso, hamna kitu.

Mama wa Ujiji: Mama yangu alianza hivyo hivyo. Tulizunguka na miwani wiki mbili. Msichelewe.

Muuguzi wa macho: Basi tatizo haliko kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Retina ikibanduka, mara nyingi ni jicho moja: anaona vimulimuli, kisha kama pazia linashuka, na kivuli hicho hakikatiki wima katikati. Neva za macho zikishapishana nyuma huko, vyote vya kuliani, vya jicho lolote, hupelekwa ubongo wa kushoto. Ndiyo maana macho yote mawili yamepoteza upande uleule. (Ungepotea upande wa nje kwa yote mawili, ningefikiria uvimbe kwenye tezi ya chini ya ubongo, pale neva zinapopishana.) Kwa mzee, na ilivyokuja ghafla, naogopa kiharusi. Mpeleke hospitali ya Maweni usiku huu, usingoje kliniki ya macho. Waambie: "nusu ya kulia, macho yote mawili, tangu jana asubuhi." Asipirini usimpe, huenda ni damu imevuja, picha ya kichwa ndiyo itakayosema. Ana presha?

Mvuvi wa Kibirizi: Anayo. Vidonge aliacha mwezi uliopita, alisema anajisikia mzima. Bajaji imeshafika, nachukua na kadi yake.