Masaki na Oysterbay: bahari ni ya nani?

Wakuu, naomba tulijadili hili la kuzibwa kwa njia za kushukia ufukweni kwa utulivu, maana linanikera kweli.

Jumapili iliyopita niliwapeleka wanangu Coco Beach, ufukwe wa Oysterbay hapa Dar es Salaam. Mnajua kulivyo: mihogo ya kukaanga imepasuliwa katikati na kupakwa pilipili, mishikaki inafuka moshi, familia kutoka Tandale, Mbagala na Gongo la Mboto zimeshuka na watoto. Maji yalikuwa yamekupwa, tukaamua kutembea juu ya mawe kuelekea Masaki, viatu mkononi. Hatukufika mbali. Ukuta wa jengo moja umeshuka hadi kwenye mawe, na mlinzi akatuambia turudi, hilo ni eneo la watu. Hakutufokea, kijana anafanya kazi aliyopewa. Ila nilichokiona chini ya ule ukuta ndicho kilichonileta hapa: umeota mwani. Yaani maji yakijaa yanafika pale pale.

Sasa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita 60! Pale hata sita hazipo. Kama ukuta ulijengwa kabla ya sheria, tuambiwe. Kama ulijengwa baada yake, nani alitoa kibali?

Najua rasi hii ya Msasani, yenye Masaki na Oysterbay, haikupangwa kwa ajili yetu. Mkoloni aliligawa jiji: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na Oysterbay ikawa ya Wazungu, upepo mzuri na bustani pana. Baada ya Uhuru wakaingia wakubwa wa serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba nyingi za serikali zikauzwa kwa watumishi, na tangu hapo nyumba za zamani zinabomolewa, maghorofa yanapanda. Sina ugomvi na ghorofa. Mwenye fedha yake ajenge, watu wapate kazi, halmashauri ikusanye kodi. Lakini hata mkoloni hakuwahi kuwahamisha wavuvi wa Msasani wakaisha. Kijiji chao kipo mpaka leo, ngalawa zinaegeshwa jirani kabisa na hoteli na maduka ya bei mbaya. Wao walikuwepo kabla ya sisi wote, na kila njia ya kushukia majini inayozibwa inawabana wao kwanza.

Maoni yangu: ardhi iwe na wenyewe, ufukwe ubaki wa wote. Kati ya viwanja ziachwe njia za miguu, ziandikwe kwa kibao kinachosomeka, na ramani zake zibandikwe Manispaa ya Kinondoni kila mtu azione.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, asanteni.

Mkuu uliyesema unaishi huko, na kwamba kila Jumatatu unakuta chupa na vifuko mbele ya geti lako, umesema kweli na sitakubishia. Nami nimeziona. Na muziki wa mpaka usiku wa manane ni kero hata kwetu Sinza. Lakini dawa ya taka ni mapipa, wafagiaji na faini, siyo ukuta. Na tukiwa wakweli, kelele nyingi za Masaki zinatoka kwenye baa za wenye nazo, siyo kwa mama anayeuza mihogo.

Aliyeandika kwamba "watu wa uswahilini wakifunguliwa wataharibu", hapo tunatofautiana kabisa. Mwalimu Nyerere alikuwa na nyumba yake Msasani, akaishi jirani na wavuvi hao hao. Tangu lini mtoto wa Tandale kuloweka miguu kukawa uharibifu?

Na wewe uliyeuliza kama wawekezaji watakimbia: Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, limejengwa kwa fedha za umma na limewasogeza mjini hao hao wenye viwanja. Umma umewapa daraja, wao watupe kichochoro cha kupita.

Ombi langu kwa wazee wa Msasani na wote waliokulia pande zile: kati ya barabara ya Toure Drive na maji, ni njia zipi mlizokuwa mkishukia mkiwa watoto? Ziandikeni hapa moja moja, na kama imezibwa, semeni imezibwa na nini. Nitazikusanya niipeleke orodha manispaa mwenyewe.