Panya weupe: nani akae na nani? Tupeane uzoefu wa kuwaweka pamoja na kuwazalisha

Mwana_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Leo mjini kuna boksi la panya weupe linauzwa, wako 12 ndani, madume kwa majike, wakubwa kwa wadogo. Mmoja mkia umeliwa nusu, mwingine ana vidonda kiunoni. Vidonda vya hapo si upele jamani, ni meno ya dume mwenzake. Na anayenunua jike pale anabeba mimba bila kujua. Mnaofuga hapa Mwanza, mwageni uzoefu: nani akae na nani, watenganishwe lini, na kwa nini mambo huharibika.

Bibi_Vizimba
Asante mwanangu kwa kulianzisha. Majike 3 au 4 waliokua pamoja, hapo pana amani. Boksi la sentimita 60 kwa 40 linawatosha, wavu wa juu uwe wa robo inchi. Ule wa nusu inchi mtoto wa wiki tatu anapenya. Jike mgeni usimtupe tu ndani. Tenganisha boksi kwa wavu siku kadhaa, wazoeane harufu, halafu wakutanishe kwenye boksi jipya ambalo si la yeyote.

Kutambua dume: mnyanyue kwa shina la mkia, kamwe si ncha, miguu ya mbele ikanyage mkono wa nguo. Angalia umbali kati ya njia ya mkojo na ya haja kubwa. Kwa dume ni karibu mara mbili ya jike. Njia rahisi zaidi ni siku ya 9 au 10 tangu wazaliwe, manyoya ya tumbo yakiwa bado mafupi: majike wanaonyesha chuchu, jozi 5, madume hawana. Wekea alama siku hiyohiyo, wiki ijayo hutaziona.

Pasiansi_Juu
Umenena bibi. Chuchu hazidanganyi.

Kalenda_ya_Panya
Shikeni hesabu. Mimba siku 19 hadi 21. Watoto 6 hadi 12, uchi na vipofu, macho yanafunguka siku ya 12 hadi 14. Wanaacha kunyonya kuanzia siku ya 21. Siku ya 28 ndiyo mwisho wa madume kukaa na mama na dada zao, maana wiki ya 5 au 6 wanaweza kupanda.

Jambo linalowaponza wengi ni hili: jike anapata joto, yaani yuko tayari kupandwa, ndani ya saa 24 baada ya kujifungua. Dume akiwa bado yumo, anabeba mimba nyingine siku ileile huku ananyonyesha. Mimba hiyo inaweza kuchelewa siku kadhaa, kwa sababu mayai yanakawia kujishikiza kwenye tumbo la uzazi, ndiyo maana watu wanakosea hesabu na kukuta watoto juu ya watoto. Toa dume mara tumbo linapoonekana, kama siku ya 14 ya mimba.

Fundi_Igoma
Hiyo ya madume imegusa penyewe. Kuna boksi la Igoma lilikuwa na madume watano, uzao mmoja, miezi mitatu bila hata mkwaruzo. Mmoja akatolewa kwenda kwa jike, siku 10. Akarudishwa jioni kwa ndugu zake.

Dakika ya kwanza wanamnusa nyuma, unasema wamemkumbuka. Kisha aliyerudishwa anasimamisha manyoya ya mgongo na mkia wake unaanza kutikisika kwa kasi, unagonga maranda wanayolalia, sauti kama mtama unamwagika kwenye gazeti. Ukisikia hiyo, toa dume sasa hivi, usingoje. Pale mwenye boksi alidhani wanacheza, akazima taa.

Usiku dume akawafukuza mmoja mmoja pembeni. Hawang'ati uso kwanza, wanang'ata kiuno, mkia na sehemu za siri. Mnyonge akikosa pa kukimbilia anasimama wima kwa miguu ya nyuma, mikono mbele, anapiga kelele. Hiyo ni kusalimu amri, lakini ndani ya boksi hakuna pa kwenda, kwa hiyo anang'atwa tena. Asubuhi mmoja amekufa, wawili wamejeruhiwa, wa nne amejibana juu kwenye wavu. Aliyerudishwa hana alama hata moja.

Sababu ni harufu. Siku 10 na jike zimemgeuza mwenye himaya, na harufu ya pamoja ya ndugu imemtoka. Dume akishakwenda kwa jike harudi kwa madume wenzake. Anapata boksi lake.

Dada_wa_Buhongwa
Jamani! Wale wawili walipona?

Capri_Kwa_Chini
Na wa nne aliteremka lini? Nimesoma mpaka mwisho moyo unadunda.

Fundi_Igoma
@Dada_wa_Buhongwa walipona, kila mmoja boksi lake. Maji yaliyochemka yakapoa nusu lita, chumvi kijiko kimoja cha chai cha usawa, pamba, mara mbili kwa siku. Maranda yanatolewa, wanalalia karatasi laini mpaka kidonda kifunge, kwani vumbi linaganda kwenye usaha. Kidonda kikivimba na kuwa kigumu ni jipu, mpelekee daktari wa mifugo. Wa nne aliteremka adui alipotolewa tu.

Mkuyuni_Safi
Mkuu, boksi lilisafishwa siku ile? Ukisafisha lote unafuta harufu yao, hata ndugu wanapigana. Mimi nasema acha uchafu.

Bibi_Vizimba
Hapana mwanangu, hapo utawaua kwa kifua. Mkojo unatoa amonia, wanaanza kukereketa na kupumua kwa mlio. Kwa panya, mafua hayo hayaishi kirahisi.

Mkuyuni_Safi
Lakini vita vinaua haraka kuliko mafua, bibi.

Kalenda_ya_Panya
Nyote mna haki nusu, tofautisheni vitu viwili. Karatasi kavu za kiota zina harufu inayotuliza, hamisha konzi moja uitie kwenye boksi safi. Maranda yaliyolowa mkojo yanachochea ugomvi, hayo tupa yote. Na maranda ya fundi seremala yapepetwe kwanza, unga wake unaingia puani. Uliza kama mbao zilipakwa dawa ya mchwa. Zikiwa na dawa, achana nazo.

Mama_Mtama
Mmeacha swali la watoto kuliwa. Jike anakula watoto kwa njaa, kiu, hofu, au wakiwa wamekufa tayari. Kwa hiyo maji kwanza: chupa yenye mrija wa gololi, gusa gololi kwa kidole kila asubuhi uone tone. Gololi ikikwama usiku mmoja, maziwa yanakata.

Chakula: mtama, uwele, ngano, mahindi kidogo. Mkubwa anakula gramu 4 au 5 kwa siku, anayenyonyesha mara mbili hadi tatu ya hapo. Mwongezee dagaa mkavu mmoja mdogo wa ziwani, asiye na chumvi, aliyeoshwa mchanga na kusagwa. Karanga zenye ukungu hapana, kuna sumukuvu. Mashudu ya pamba, hata kama yamejaa Kanda ya Ziwa, hapana: yana gosipoli, inaharibu uzazi.

Siku 3 za mwanzo baada ya kuzaa usifunue kiota. Ukilazimika, mtoe mama kwanza, sugua mikono kwa maranda yake, angalia upesi. Mtoto aliyeshiba ana doa jeupe tumboni upande wa kushoto, ni maziwa yanaonekana kupitia ngozi. Asiye na doa jioni nzima yuko hatarini.

Dada_wa_Buhongwa
Majike wawili wakizaa boksi moja je?

Mama_Mtama
Vizuri sana, wanarundika watoto pamoja na kunyonyesha wote. Sharti wapishane siku chache tu. Wakipishana wiki, wakubwa wanawasukuma wadogo kwenye chuchu.

Buswelu_Mlimani
Msisahau siafu. Miguu ya meza yenye maboksi iwe ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo juu. Meza isiguse ukuta, na pazia lisining'inie juu yake. Wakipata njia, vichanga vinaisha kabla ya alfajiri.

Pasiansi_Juu
Na bati. Chumba cha bati mchana kikipita nyuzi 30, wanalala wametawanyika badala ya kurundikana. Ukiona hivyo, shusha boksi sakafuni.

Mwana_Kirumba
Nawashukuru wote. Nimebaki na moja: dume wa peke yake anateseka?

Capri_Kwa_Chini
Anateseka, mpe mwenzake.

Fundi_Igoma
Mwenzake yupi, mkuu, baada ya yote hayo? Upweke wake unapunguzwa kwa kazi. Mpe karatasi laini zisizo na manukato gramu 8 hadi 10, azichane mwenyewe. Kiota kizuri kinafunika kichwa chake kama kuba. Mwekee bomba la kadibodi, nafaka zitawanywe ndani ya maranda azitafute, na mshike kila jioni muda uleule. Boksi lake lisikae karibu na jike aliyepandwa na dume mwingine siku chache zilizopita, harufu ya dume mgeni inaweza kuvunja mimba changa.