Uzi wa malalamiko: Kuna mtu amesogeza mbele pambano la Maeda na Volk Han, na nyote mnamjua

Wakuu, salaam. Ninaandika nikiwa bado nimefura, kwa hiyo mtanivumilia nikilirudia jambo moja, kwa sababu lenyewe linanirudia kila ninapofumba macho. Mhusika sitamtaja. Ni yule bwana ambaye tukikutana kutazama mieleka ya zamani ya Kijapani huwahi kukaa karibu na runinga, huishika rimoti kana kwamba aliandikiwa katika wosia wa babu yake, na hatoki pale hadi soda za wenzake zimekwisha.

Jioni hii tuliweka pambano la Akira Maeda na Volk Han, la tarehe 7 Desemba 1991, katika ukumbi wa Ariake Coliseum jijini Tokyo. Maeda alikuwa ameanzisha kampuni yake ya mieleka, RINGS, mwaka huohuo baada ya kampuni yake ya awali, UWF ya pili, kuvunjika, na Han, mtu wa sambo (mieleka ya Kirusi ya kukunja viungo) kutoka Dagestan, alikuwa anapanda ulingo wa Japani kwa mara ya kwanza, huku Umoja wa Kisovyeti aliotoka ukiwa umebakiza siku za kuhesabika. Kila anayeijua mieleka hii anajua kwamba utamu wake uko chini. Hakuna kuruka kutoka juu ya kamba wala kuhesabiwa mabega yakigusa sakafu. Kuna teke, kofi la kiganja, kabali, na kiungo kinachokunjwa hadi mwenyewe asalimu amri au aifikie kamba ili aachiliwe.

Basi, wakaanguka chini. Han ameukamata mkono, anajiviringisha, mkono anauacha, na kabla hujaelewa kilichotokea goti la Maeda ndilo lililo matatani. Maeda anajikokota, vidole vimenyooka kuitafuta kamba ya chini, na ukumbi umeanza kuvuma. Hapo ndipo yule bwana alipobonyeza rimoti na kusogeza mbele, huku akisema kwa sauti ya mtu anayetusaidia: "Wakisimama mniambie."

Wakisimama mniambie! Volk Han, ambaye watu walilipa viingilio wamwone akiwa chini, aligeuzwa pamoja na mwenyeji wake kuwa mende wawili waliopuliziwa dawa, wakizunguka sakafuni miguu juu kwa kasi isiyo ya kibinadamu. Nilimwomba arudishe nyuma. Alirudisha, tena kwa heshima, lakini walipoanguka mara ya pili kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. "Wamelala tena," akasema. "Wakisimama mniambie." Tumetazama salamu, mateke kadhaa na mkono wa mshindi ukiinuliwa. Maeda alishinda, lakini kwa tulivyotazama sisi angeweza kuwa ameshinda kwa kura.

Sina hoja ndefu. Ninachotaka ni iandikwe mahali kwamba binadamu mwenye akili timamu alilitazama goti la Maeda likiwa mikononi mwa Volk Han, akasema wakisimama aambiwe.

Kabali Taratibu
Pole sana, mkuu. Bwana huyo nimemjua kabla sijaisoma aya ya pili. Ndiye aliyetuharibia pambano la Takada, nyota wa kampuni ya UWF International, na Kitao, la ukumbi wa Budokan mwezi Oktoba 1992. Kitao alikuwa amefika yokozuna, daraja la juu kabisa katika sumo, na sisi sote tulikuwa tumenyamaza tukisubiri lile teke la kichwani katika raundi ya tatu, naye akawa anauliza kwa sauti kwa nini bwana mkubwa yule hamkalii mwenzake yakaisha. Teke lilipotua alikuwa ameinama anatafuta chaja.

Mzee wa Kamba ya Chini
Mimi namtetea mtuhumiwa. Mleta mada hasemi kwamba kabla ya kila pambano la UWF International hutusimamishia runinga na kutufundisha hesabu: kila mmoja anaanza na pointi 15, ukishika kamba unakatwa moja, ukiangushwa kwa pigo unakatwa tatu, na kadhalika, hadi wageni wanaanza kuaga. Kama kuna mtu anayestahili kusogezwa mbele, ni yeye.

Mleta mada
Hesabu ile naieleza kwa sababu kila wiki yupo anayeuliza kwa nini namba zinapungua badala ya kuongezeka. Na kuieleza si sawa na kusema wakisimama mniambie.

Binti Korakuen
Kusogeza mbele ni kosa dogo. Wanaonikera mimi ni wale wanaoingia pambano likiwa limepamba moto na kuuliza kama ni kweli au ni maigizo. Ndiyo, matokeo mengi yalikuwa yamepangwa. Ndiyo, yale mateke yalitua kwelikweli. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila kugombana, na anayetaka jibu la neno moja akatazame riadha. Tena muulizaji huwa hasubiri jibu.

Flashi Imejaa
Afadhali wenu wanauliza. Wangu ni yule anayepakia video akiwa amefuta sauti ya ukumbi na kuweka muziki wake mwenyewe. Watazamaji wa Japani hunyamaza kiasi kwamba unasikia teke likigonga paja, halafu mwamuzi, halafu mtu mmoja wa nyuma kabisa akiita jina la Fujiwara, na mtu anaona ukimya ule ni kasoro ya kurekebishwa kwa ngoma za disko! Picha nayo imenakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, hadi Tamura na Sakuraba wanatofautishwa kwa rangi ya chupi tu.

Kabali Taratibu
Umemtaja Sakuraba umenichokoza. Kuna kundi zima lililomjua kwenye PRIDE, mashindano ya mapigano ya kweli, akiwaangusha akina Gracie, ule ukoo wa wapiganaji wa Brazili, na sasa linatufundisha sisi, wakati hata moja ya kazi zake za UWF International, alikoanzia mwaka 1993, hawajaitazama. Haohao ndio wanaosema Takada hakuwa chochote kwa sababu Rickson Gracie alimkunja mkono tarehe 11 Oktoba 1997.

Mzee wa Kamba ya Chini
Takada alimalizwa kabla ya hapo, tarehe 9 Oktoba 1995, pale Tokyo Dome, Keiji Muto wa kampuni ya New Japan alipomsokota miguu kwa mshiko wa kizee wa mieleka ya kawaida hadi akasalimu amri. Miaka yote ya kutuambia kwamba mishiko ile ni mbwembwe, halafu unasalimu amri kwa mshiko uleule mbele ya uwanja uliojaa! Hilo ndilo la kufunguliwa uzi.

Mleta mada
Naomba turudi kwenye mada ya rimoti.

Binti Korakuen
Ya rimoti tumeshaielewa, mkuu. Na ukiuliza nani aliyeiharibu mieleka hii, jibu ni Maeda mwenyewe. Mwenzako Choshu amemshika mtu miguu, mikono yake haina nafasi, nawe unatokea pembeni na kumpiga teke la uso hadi mfupa wa jicho unavunjika. Choshu alikosa nini usiku ule wa Novemba 1987? New Japan walifanya sawa kumfukuza Maeda.

Mleta mada
Hapo umeniudhi kuliko yule bwana. Bila kufukuzwa kule kusingekuwa na ile UWF ya pili ya Mei 1988, bila UWF hiyo kusingekuwa na onyesho la Tokyo Dome la Novemba 1989, na hata Fujiwara Gumi, kampuni ambako akina Funaki na Suzuki walitoka kwenda kuanzisha kampuni ya mapigano ya Pancrase mwaka 1993, usingeisikia. Teke lilikuwa la aibu, sikatai, lakini msimseme Maeda kana kwamba ndiye pekee aliyewahi kukataa kushirikiana ulingoni. Mwaka mmoja kabla yake, mjini Tsu, ni André the Giant aliyegoma kucheza naye.

Flashi Imejaa
André hakugoma, André alikuwa amechoka. Lile pambano nimelitazama bila kusogeza mbele, na anayesimama muda wote kama hajui afanye nini ni Maeda.

Mzee wa Kamba ya Chini
Umelitazama lipi? Nakala yako ile yenye ngoma za disko?