Re: Kijana wa Wete anaanza chuo Uingereza Septemba, mwambieni ya kumfaa

Ami, Wete

A/alaykum jamaa wote mlioko huko. Mtoto wa marehemu kaka yangu keshapata chuo Uingereza, anaanza na mwaka wa matayarisho kisha anaingia uhandisi, Septemba hii inshaAllah. Skuli kasoma hapa hapa Pemba mpaka fomu siksi, kijana mtulivu, hana makuu, ukimwambia kaa anakaa. Pesa tumechanga ukoo mzima na nyengine zimetoka kwenye karafuu, mnajua wenyewe uzito wake. Sasa mamake kila siku anafunga begi na kulifungua, mara blanketi, mara chetezo, mara samli. Nyinyi mliokwisha pita njia hiyo mwambieni ya kumfaa, na tafadhalini msinambie asome kwa bidii, hilo tunaliweza wenyewe huku.

Mtambwe, Birmingham

Wa alaykum salaam ami, hongereni sana, si jambo dogo hilo.

Umesema kijana mtulivu ukimwambia kaa anakaa. Basi mimi naanzia hapo hapo, mana watoto wetu niliowaona wakikwama huku si wale watundu, mtundu anajua kujitetea, wanaokwama ni hawa watulivu wenye muhali. Hajafahamu somo ananyamaza, kodi ya chumba imempita ananyamaza, mwenzake kamuomba jambo asilolitaka anaona haya kukataa, mpaka siku maji yameshafika shingoni ndo sisi tunapigiwa simu usiku wa manane twende tukamtoe. Kwetu mtoto anaekaa kimya mbele ya wakubwa tunamsifu, huku akikaa kimya wanachukulia hana shida, wanaendelea na mambo yao.

Vyuo vingi vinampangia mwanafunzi mwalimu wa kumuangalia, basi wiki ya kwanza tu amjue nani. Na walimu wana saa zao za kukaa ofisini kwa ajili ya wanafunzi, zimeandikwa kwenye ratiba, na wanaokwenda ni wachache wallahi, mwalimu anakaa peke yake na kikombe chake cha chai. Aende hata kama swali analiona la kijinga. Akiandika imeili iwe fupi, jina, namba yake ya mwanafunzi, somo gani, kimemshinda nini, anaomba nini, basi. Asianze na salamu nusu ukurasa na kuuliza hali za watoto wa mwalimu, si adabu mbaya lakini mtu akifika kwenye shida yenyewe keshachoka kusoma.

Akiumwa au kukitokea msiba nyumbani, kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda wa kukabidhi kazi, na inaombwa KABLA ya siku yenyewe, pamoja na ushahidi. Baada ya siku kupita hata kama sababu ni ya kweli tupu utaanza kuhangaika na kamati. Na kuhudhuria si hiari kwa mtu wa viza, chuo ndo mdhamini wake, akipotea darasani bila taarifa chuo kinatakiwa kiwaarifu Home Office, wizara ya huku inayosimamia viza, na wakiondoa udhamini viza nayo inakatwa. Kwa hiyo asije akajifungia chumbani mwezi mzima kwa kuona haya kwamba kafeli mtihani mmoja. Kufeli kunarudiwa, viza ikikatwa ndo safari ya Pemba hiyo.

Kwenye kuandika nako, sisi skuli tulisifiwa kwa kukariri noti za mwalimu neno kwa neno mpaka nukta. Huku ukiyaweka maneno ya mtu kwenye kazi yako bila kumtaja unahesabiwa mwizi, na kazi zinapitishwa kwenye programu kama Turnitin inayoonesha sentensi imetoka wapi. Maktaba za vyuo zina mafunzo ya bure ya mambo hayo mwanzo wa muhula, aende, hata akiona wenzake hawaendi.

Jengine, na hili ami mkalishe chini umwambie wewe mwenyewe. Atatokea mtu, pengine Mswahili mwenzetu, pengine wanasali msikiti mmoja, atamwambia yakhe kuna pesa zangu zinakuja na akaunti yangu ina matatizo, naomba zipite kwako, wewe chukua hamsini zilobaki unipe. Kijana mwenye muhali hatosema la. Zile pesa mara nyingi ni za wizi, kuna bibi wa watu mahala kadanganywa kwenye simu katoa akiba yake. Benki inafunga akaunti, na jina lake linaweza kuingizwa kwenye orodha ya Cifas inayosomwa na mabenki, linakaa huko miaka 6, kupata akaunti nyengine shida, mkopo shida, hata mkataba wa simu shida, na likifika mahakamani sheria ya kusafisha pesa chafu inakwenda mpaka kifungo cha miaka 14. Nimemuona kijana wa watu mstaarabu kabisa mshahara wake unaingia kwa rafiki yake kwa sababu hiyo, kila mwisho wa mwezi anasubiri mtu amuonee huruma ampe pesa zake mwenyewe. Mfundishe jibu kabisa kabla hajaondoka, aseme "benki yangu wakali, hawakubali". Kama hawezi kukataa yeye basi aisingizie benki, benki haina muhali.

Bi Mkunazini, Milton Keynes

Mtambwe umenena. Mimi nazungumza na huyo mama kuhusu begi.

Mamangu samli iwache Wete. Nyama na maziwa na vinavyotokana navyo haviruhusiwi kuingia na abiria kutoka kwetu, wakivikuta wanavichukua wanavitupa, na sambusa za nyama ndo hivyo hivyo, utapika usiku kucha ziishie kwenye pipa la uwanja wa ndege. Hiliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga mfungie vizuri aje navyo, huku pakiti ndogo tu ya hiliki bei yake inakera. Chetezo nacho kiwache. Hosteli zina ving'ora vya moshi chumbani, udi ukifuka kidogo tu jengo zima linatolewa nje, saa sita za usiku, watu na nguo za kulalia wanatetemeka barabarani mpaka zimamoto waje waseme hakuna moto, na wote wanamtizama yeye. Mikataba ya hosteli inakataza udi na mishumaa na faini ipo. Akitaka harufu ya nyumbani mpe kichupa cha mafuta ya udi.

Blanketi la nini? Linajaza begi bure. Mpeni pesa ya koti alinunulie huku huku, kuna maduka ya hisani yanauza mitumba mizuri, koti zito la mvua kwa bei ya kuku wawili. Viatu tu ndo asinunue vya kukuu, anunue vipya visivyoingiza maji.

Hospitali: mshalipa au mtalipa paundi 776 kwa kila mwaka pamoja na viza, hizo ndo pesa za matibabu, basi azitumie. Ajiandikishe kwa daktari wa mtaa, GP, wiki ya kwanza akiwa mzima, asisubiri kuumwa. Wakimwambia pale dirishani lete kwanza barua ya umeme asirudi nyumbani kinyonge, kujiandikisha GP hakuhitaji uthibitisho wa anuani, aseme hivyo kwa adabu asimame pale pale. Dawa za kuandikiwa England zinalipiwa lakini mwenye kipato kidogo anajaza fomu HC1 anaweza kusamehewa. Barua za leseni ya televisheni zitakuja za vitisho, kama haangalii matangazo ya moja kwa moja wala BBC iPlayer hadaiwi, awajibu tu kwenye mtandao wao.

Na hapa najua nitagombana na watu: mwaka wa kwanza akae hosteli ya chuo, asikae kwa jamaa. Najua mnaona pesa. Lakini jamaa anakaa mbali na chuo, kijana anapanda mabasi mawili, akirudi anakuta watoto wa kuchukuliwa skuli, leo tu mwanangu, na kesho leo tu, na kwa sababu anakula bure hawezi kusema kitu, mtihani unafika yeye ndo yaya wa nyumba. Wenye nyumba wala si watu wabaya. Aende kwao Ijumaa akale wali wa nazi, Jumapili arudi kwake.

Mtambwe, Birmingham

Sigombani na wewe dada, ila hosteli nyengine ni ghali kuliko nyumba ya kukodi na wenzake, aangalie. Nyumba ya wanafunzi watupu haina council tax, ile kodi ya nyumba inayokwenda kwa halmashauri ya mji, chuo kinampa barua. Akikodi kwa mtu binafsi England dipoziti yake lazima iwekwe kwenye mfuko unaotambuliwa ndani ya siku 30 na apewe karatasi yake, mwenye nyumba akianza kuzungusha maneno hapo asilipe.

Mwanafunzi, Cardiff

Shkamooni wakubwa. Mimi nasema la kiza tu mana hamna aliligusa. Disemba huku adhuhuri ni saa sita mchana, alasiri inaingia kabla ya saa nane, na saa kumi magharibi hiyo. Unaingia lekcha kukiwa hakujakucha vizuri unatoka usiku. Kwetu jua likizama kila siku wakati ule ule hujui kama kiza kinaweza kukuingia mpaka moyoni, mimi niliona uvivu kumbe ni hicho kiza. Atoke nje mchana hata nusu saa. Vyuo vingi vina chumba cha kusalia na jumuiya ya wanafunzi Waislamu wanaiita ISOC, aende mapema, si kwa sala peke yake, pale ndo utajua duka gani nyama halali ya uhakika na nani anauza baskeli na maprofesa gani wakali. Na asiwaogope Wazungu hosteli, jikoni awapikie chapati mara moja tu, atapata marafiki mpaka awakimbie.

Ami, Wete

Allah akulipeni. Mamake kaitoa samli, kanuna lakini kaitoa. Suala langu la mwisho, kazi. Huku watu wanasema akifika atafanya kazi atajilipia ada za mbele mwenyewe na atatuma kidogo. Wadogo zake washaanza kutaja simu.

Mtambwe, Birmingham

Ami hilo mlifute kabisa katika hesabu zenu, nakwambia kama mwanao. Viza ya mwanafunzi kozi ya digrii inamruhusu masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kozi iliyo chini ya digrii masaa 10, na yeye anaanza mwaka wa matayarisho kwa hiyo asome viza yake imeandikwa nini, asiulize mtaani. Wiki inahesabiwa Jumatatu mpaka Jumapili, na akiwa na kazi mbili masaa yanajumlishwa. Kujiajiri hairuhusiwi, maana yake ile kazi ya kupeleka vyakula na baskeli kwa apu za simu haimfai, na kukodi akaunti ya mtu mwengine aifanye ndo kosa juu ya kosa. Wapo watakaomwambia sote tunafanya. Hao viza zao si yake.

Masaa hayo yanatoa pesa ya chakula na basi. Ada ya mwanafunzi wa nje haitoki hapo hata akilala kazini. Kwa hiyo kama mwaka wa pili pesa zake bado hazijulikani zinatoka wapi, kaeni sasa hivi, kabla ya Septemba, si akiwa kati. Na la simu, ami wewe ndo mkubwa, wewe ndo wa kuwaambia wadogo zake na majirani na mashangazi kwamba huyu kaenda kusoma. Yeye mwenyewe hatoweza kuwaambia, atakopa apeleke, na atawaambia mambo mazuri alhamdulillah huku anakula mkate na chai.

Halafu niulize mimi sasa. Hizo pesa za viza mlizochanga ziko akaunti ya nani?

Ami, Wete

Ziko kwangu. Kwani?

Bi Mkunazini, Milton Keynes

Ami zitoe hapo! Pesa za kuonesha kwa viza zinatakiwa ziwe akaunti ya kijana mwenyewe au ya mzazi wake, au mlezi wa kisheria mwenye karatasi. Ya ami haikubaliki hata ukilia, wao hawajui kwamba kwetu ami ni baba. Zihamishie kwa kijana au kwa mamake, na zikae siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja chini ya kiwango, ukihamisha leo hesabu inaanza upya leo. Na taarifa ya benki isiwe imepitwa na zaidi ya siku 31 mnapoomba. Sisi tulivyo pesa zikionekana zimekaa tu atatokea mwenye harusi, mfungieni mlango.

Ami, Wete

Lahaula. Kesho asubuhi niko benki na mamake. Tarehe tunazo bado?

Bi Mkunazini, Milton Keynes

Mnazo, msilale tu. Zikiwa kwa mamake chukueni cheti cha kuzaliwa cha kijana na barua ya mama ya kuridhia, na kama cheti kimeandikwa Kiswahili kitafsiriwe Kiingereza na mfasiri anaetambulika. Kipimo cha kifua kikuu nacho ni lazima kwa anaetoka Tanzania, ni Dar, cheti chake kinafanya kazi miezi 6, na alama za vidole ni huko huko Dar, basi muulizieni siku zinazokaribiana avuke mara moja. Tiketi ya ndege msikate mpaka viza itoke.